Umejiajiri Marekani na unamdhamini mke au mume: jinsi ya kuthibitisha kipato kwenye fomu I-864

Kila Jumamosi jioni simu yangu hulia, na swali ni lile lile lililobadilisha sauti: "Dada, mimi naendesha Uber, sina bosi. Barua ya mwajiri nitaitoa wapi?" Mwingine ana lori lake. Mwingine anasafisha ofisi usiku kwa mkataba. Mwingine anasuka sebuleni kwake na wateja wanamlipa taslimu.

Mimi nina saluni ndogo ya kusuka hapa Columbus, Ohio. Mume wangu aliingia kwa kipato cha saluni hiyo hiyo, baada ya makaratasi yetu kurudishwa mara mbili. Mimi si wakili wala mhasibu. Ninayoandika hapa ndiyo ninayowaeleza watu kwenye simu, nimeyapanga ili nami nipate Jumamosi zangu.

Mwongozo huu wa I-864, ile fomu ya udhamini unayoahidi serikali kwamba utamtunza mwenzi wako, ni wa raia wa Marekani au mwenye grini kadi anayeishi Marekani, mwenye mke au mume aliye nje, ambaye ombi la I-130, lile la kwanza la kumwombea mwenzi aje, limeshakubaliwa na faili limehamia NVC, kile kituo cha taifa cha viza. Kabla hujalipa ada yoyote, soma tangazo la ubalozi unaoshughulikia kesi yenu, uone kama nchi ya mwenzi wako imewekewa kizuizi cha viza kwa sasa. Orodha hizo hubadilika, nami sitazigusa hapa.

Jambo moja lishike kabla ya yote. Serikali haikuulizi ni pesa ngapi zilipita mkononi mwako. Inakuuliza zilibaki ngapi baada ya gharama ulizoziandika mwenyewe kwenye ritani ya kodi. Zile gharama ulizozirundika Aprili ili kodi ipungue, ndizo zitakazokukuta mlangoni siku unapomwita mwenzi wako. Huwezi kumwambia IRS, watu wa kodi, kwamba umeambulia kidogo, kisha ukamwambia konsula, afisa wa viza ubalozini, kwamba umevuna.

Vitu vya kuwa navyo mezani

- Ritani ya kodi ya mwaka wa mwisho, fomu 1040 na viambatisho vyake vyote. Kinachotuhusu zaidi ni kile kilichoandikwa Schedule C juu, cha mapato na gharama za biashara yako. Hapa nitakiita Skejuli C. Kama unazo za miaka mitatu, ziweke zote karibu.
- Fomu zote za 1099 ulizotumiwa: 1099-NEC kutoka kwa waliokupa kazi, 1099-K kutoka kwenye programu za usafiri au za malipo. Kama uliajiriwa pia mahali, hata kwa miezi miwili, weka na W-2, karatasi ya mshahara wa mwaka kutoka kwa mwajiri.
- Taarifa za benki za miezi 12.
- Daftari la mapato na matumizi ya mwaka huu. Kama huna, hatua ya 6 itakuuma kidogo.
- Leseni au usajili wa biashara, mikataba, ankara.
- Uthibitisho wa uraia wako au grini kadi.
- Fomu I-864 yenyewe, toleo la sasa kutoka tovuti ya USCIS, idara ya uhamiaji. Ni bure. Ukiona mtu anakuuzia fomu, ondoka.

Hatua ya 1: Hesabu vichwa

Fomu inataka idadi ya watu wa kaya, na hapa ndipo wengi huanza kukosea. Unajihesabu wewe, unamhesabu mwenzi unayemleta, na watoto wako wote wasiooa wala kuolewa walio chini ya miaka 21, hata kama wanaishi kwa mama yao jimbo jingine. Ongeza yeyote uliyemwandika kama tegemezi kwenye ritani. Kisha ongeza kila mtu uliyewahi kumdhamini kwa I-864 na ambaye udhamini wake haujaisha.

Huyo wa mwisho husahauliwa sana. Ulimleta mama miaka minne iliyopita, anaishi kwa dada yako, hajawa raia: bado yumo kwenye hesabu yako.

Kila mtu huhesabiwa mara moja tu, hata kama anaingia kwenye makundi mawili.

Hatua ya 2: Tafuta kiwango chako

Unatakiwa kufikia asilimia 125 ya mstari wa umaskini wa serikali kuu. Jedwali lake linaitwa I-864P na hutolewa upya kila mwaka. Kwa jedwali la 2025, majimbo yote isipokuwa Alaska na Hawaii:

- watu 2: dola 26,437
- watu 3: dola 33,312
- watu 4: dola 40,187
- watu 5: dola 47,062

Alaska na Hawaii viwango viko juu zaidi. Mwanajeshi aliye kazini anayemdhamini mke, mume au mtoto hutakiwa asilimia 100 tu. Tumia jedwali la mwaka unaojaza fomu, usitumie picha uliyotumiwa kwenye kundi la WhatsApp. Niliwahi kuona mtu amejipima kwa jedwali la miaka mitatu nyuma, akafurahi bure.

Binafsi nashauri usilenge kugusa mstari. Ukipita kwa dola 60, umepita kwenye karatasi, lakini konsula ana ruhusa ya kuangalia picha nzima.

Hatua ya 3: Fungua ritani, tafuta mstari wa 9

Chukua 1040. Mstari wa 9 ndio jumla ya kipato, na hiyo ndiyo namba inayokwenda kwenye I-864. Safari yake ni hii: faida halisi kutoka mstari wa 31 wa Skejuli C huingia mstari wa 3 wa Skejuli 1, hukusanywa na vingine hadi mstari wa 8 wa 1040, kisha mstari wa 9 hujumlisha na mshahara kama upo.

Tumchukue dereva wa mfano, mwaka wa kodi 2024. Fomu yake ya 1099-K inasema dola 58,400. Ukimuuliza kipato chake, atakwambia "elfu hamsini na nane" na hatakuwa anadanganya kwa jinsi anavyoelewa. Lakini tazama Skejuli C:

- Makato ya programu: 14,600. Zinabaki 43,800.
- Maili 38,000 za kazi, kwa senti 67 kila maili, ambacho ndicho kiwango cha IRS cha 2024: 25,460. Zinabaki 18,340.
- Simu na vitu vidogo: 740. Zinabaki 17,600.

Mstari wa 31 unasema 17,600. Kwa kaya ya watu wawili anatakiwa 26,437. Amepungukiwa dola 8,837, na hajui, kwa sababu mwaka mzima amekuwa akiona pesa zikiingia kwenye simu kila Jumanne.

Lakini kama wikendi alikuwa akipakia mizigo kwenye ghala na W-2 yake ni 11,200, mstari wa 9 unakuwa 28,800, naye amepita. Kazi ndogo ya mshahara imewaokoa watu wengi ninaowajua.

Angalizo: Usiandike namba ya mstari wa 11. Hiyo ni baada ya marekebisho, na aliyejiajiri hukatwa hapo nusu ya kodi ya kujiajiri. Kwa dereva wetu ni kama dola 1,240 anazojinyima mwenyewe. Usiandike pia mstari wa 1 wa Skejuli C, yaani mapato ghafi. Hilo ndilo kosa namba moja, na ndilo lililonirudisha mimi mara ya kwanza.

Una LLC ya mtu mmoja? Kwa kawaida bado uko Skejuli C. Jina kubwa la kampuni halibadilishi kitu. Wenye ubia au kampuni ya aina ya S hupata K-1, karatasi inayoonyesha sehemu yao ya faida, na sehemu hiyo hupitia Skejuli E. Ukijilipa mshahara kwenye kampuni yako mwenyewe, una W-2 pia.

Hatua ya 4: Angalia ulijiandikaje kwenye ritani

Hii haihusu pesa, lakini imewachelewesha watu kuliko pesa. Kama mlifunga ndoa kufikia Desemba 31, kwa IRS wewe umeoa au umeolewa mwaka huo wote. Kuendelea kujaza kwamba hujaoa, eti kwa sababu yeye yuko Kisumu na hana namba ya Social Security, ni kosa. Konsula anashika ritani inayosema huna mke mkono mmoja, na cheti cha ndoa mkono wa pili. Utamlaumu?

Wengi hujaza kama wanandoa wanaowasilisha kila mmoja peke yake. Kuna njia ya kuwasilisha pamoja, mwenzi akaombewa ITIN, namba ya kodi ya asiye na Social Security, kwa fomu W-7, ila hapo na kipato chake cha nje kinaingia kwenye hesabu. Aliye na mtoto anayeishi naye huweza kuwa na nafasi nyingine. Mpe mhasibu wako swali hili kwa maneno haya haya. Kama uliikosea, fomu 1040-X ndiyo ya kurekebisha, na fanya hivyo kabla faili halijafika ubalozini.

Hatua ya 5: Omba transkripti ya IRS

Transkripti ni muhtasari wa ritani yako unaotoka IRS wenyewe. Ni bure. Fungua akaunti kwenye tovuti ya IRS uipakue siku hiyo hiyo, au omba itumwe kwa posta, au jaza fomu 4506-T. Chagua transkripti ya ritani. Zipo aina nyingine, mojawapo ni ya akaunti, na watu huzichanganya.

Uzuri wake ni kwamba hakuna wa kukushuku umeichezea. Ubaya wake, kwa mwenye mazoea ya kuchapisha ritani mbili, moja ya IRS na moja ya benki, ni huo huo. Usithubutu. Ritani ya kughushi haiishii kwenye kunyimwa viza. Ni kesi ya udanganyifu.

Kwa kanuni, mwaka wa mwisho wa kodi ndio wa lazima na miaka mitatu ni hiari. Kama kipato chako kinapanda mwaka hadi mwaka, weka mitatu. Kama mwaka wa juzi ulikuwa mbaya na wa jana mzuri, weka wa jana na uandae maelezo.

Aliyejiajiri namshauri aweke transkripti na nakala ya 1040 yenye Skejuli C na Skejuli SE, ile ya kodi ya kujiajiri. Ukiamua kuweka nakala ya ritani bila transkripti, viambatisho vyote pamoja na W-2 na 1099 ni lazima viwepo. Ukurasa mmoja ukikosekana, faili linarudi.

Hatua ya 6: Thibitisha mwaka huu unaoendelea

Fomu inakuuliza kipato chako cha sasa kwa mwaka. Mwajiriwa anaweka barua ya bosi. Wewe unaweka taarifa ya faida na hasara, na hapa ndipo msemo wa wazee unapokuwa na kazi: mali bila daftari hupotea bila habari.

Ukurasa mmoja unatosha. Juu andika jina lako, biashara, na kipindi, kwa mfano Januari 1 hadi Juni 30. Kisha mapato kwa kila mwezi, gharama kwa aina zake (mafuta, bima, kodi ya chumba, vifaa, makato ya programu), na faida inayobaki. Weka tarehe, saini. Mhasibu akiisaini itakuwa na uzito zaidi, hasa kama ndiye anayekutengenezea ritani.

Ukitoa faida ya miezi sita ya dola 14,900, wastani wake ni kama 2,483 kwa mwezi, na kwa mwaka ni 29,800. Hiyo ndiyo unayoandika. Lakini gharama zako lazima zifanane na za Skejuli C ya mwaka jana. Dereva ambaye mwaka jana alikata maili 38,000, na mwaka huu taarifa yake haina hata lita moja ya mafuta, amejianika.

Vya kuambatanisha nayo:

1. Taarifa za benki, ikiwezekana za akaunti ya biashara. Kama ulikuwa unachanganya pesa za nyumbani na za kazi, tenganisha leo. Akaunti ya pili haigharimu kitu kikubwa.
2. Risiti za kodi ya makadirio ya kila robo, kama unalipa. Tarehe zake kwa kawaida ni Aprili 15, Juni 15, Septemba 15 na Januari 15. Sijaona ushahidi mzuri kuliko huu, kwa sababu hakuna mtu anayelipia kodi kipato ambacho hana.
3. Muhtasari wa mapato kutoka kwenye programu, mikataba ya usafi, ankara zilizolipwa.
4. Barua yako fupi: unafanya kazi gani, tangu lini, wapi, unalipwaje. Aya mbili.

Angalizo: Usijiandikie barua ya ajira ukajifanya mwajiri wa nafsi yako. Usimwombe pia rafiki mwenye kampuni akuandikie kwamba umeajiriwa kwake. Na usimwombe mjomba akuwekee dola 10,000 benki wiki moja kabla, amana ya ghafla huonekana, na swali lake ni "zimetoka wapi?"

Hatua ya 7: Jaza I-864

Usijaze I-864EZ, hata kama ni fupi na inavutia. Hiyo ni ya mtu ambaye kipato chake chote ni mshahara au pensheni yenye W-2. Aliyejiajiri hana ruhusa nayo, hata kama anamdhamini mtu mmoja tu.

Sehemu ya 5 ndiyo ya vichwa, ile hesabu ya hatua ya 1. Sehemu ya 6 ndiyo ya kazi na kipato: weka alama ya kujiajiri na uandike kazi yako kwa neno la kawaida la Kiingereza, kama dereva au msusi. Kama una na mwajiri, jaza vyote viwili. Kipato cha sasa kitoke hatua ya 6. Kwenye mistari ya miaka ya kodi weka namba ya mstari wa 9, kama ilivyo, bila kuizungusha.

Mwaka wako ulikuwa wa hasara? Andika hasara. Kisanduku kitupu kinarudishwa.

Saini kwa kalamu kwenye karatasi, kisha iskani. Jina lililopigwa kwa kompyuta mahali pa saini halikubaliki. Huhitaji mthibitishaji wa viapo wala muhuri.

Hatua ya 8: Kama hujafikia kiwango

Usikae kimya ukitumaini hawataona. Kuna njia tatu.

*Mtu wa nyumbani.* Ndugu unayeishi naye chini ya paa moja, kaka, mzazi au mtoto mkubwa, anaweza kuongeza kipato chake juu ya chako kwa fomu I-864A. Naye ataingia kwenye hesabu ya vichwa, na ataleta ritani yake.

*Mdhamini mwenza.* Si lazima awe ndugu. Awe raia au mwenye grini kadi, miaka 18 au zaidi, anaishi Marekani. Anajaza I-864 yake mwenyewe, na kipato chake peke yake lazima kifikie kiwango cha kaya yake pamoja na mwenzi wako. Chako na chake havijumlishwi. Mwenye mke na watoto wawili akimdhamini mtu wako, anahesabiwa watu 5.

Hapa lipo kosa namba mbili: watu hudhani wakipata mdhamini mwenza wao wameondoka kwenye fomu. Hapana. Wewe uliyeomba I-130 lazima ujaze I-864 yako hata kama kipato chako ni sifuri.

Na mwambie ukweli huyo mtu kabla hajasaini. Huu ni mkataba na serikali. Hauishi kwa talaka. Unaisha mwenzi wako akiwa raia, akikamilisha robo 40 za kazi zinazohesabiwa na Social Security (kama miaka 10), akiondoka Marekani moja kwa moja na kuacha ukaazi wake, au akifariki. Nimeona urafiki wa miaka ukivunjika kwa sababu mtu aliambiwa "ni karatasi tu ya kusaini".

*Mali.* Mwenzi wa raia anahitaji mali yenye thamani mara 3 ya pengo. Mwenzi wa mwenye grini kadi, mara 5. Dereva wetu mwenye pengo la 8,837 anahitaji mali ya dola 26,511 kama ni raia, na 44,185 kama ana grini kadi. Iwe mali inayoweza kugeuzwa pesa ndani ya miezi 12: akiba, hisa, nyumba baada ya kutoa deni la benki. Gari moja ulilo nalo halihesabiki, mpaka uwe na la pili.

Mali ya mwenzi wako aliye nje inakubalika pia. Kiwanja chenye hati kwa jina lake, kilichothaminiwa na mthamini mwenye leseni, kinaweza kusaidia, mradi uonyeshe kinauzika na pesa zinaweza kutoka nje ya nchi. Hati iliyo kwa Kiswahili itafsiriwe Kiingereza, mfasiri athibitishe kwa saini kwamba anazimudu lugha zote mbili. Shamba la ukoo lisilo na hati liacheni lilimwe.

Hatua ya 9: Pandisha kwenye mfumo

Ada ya kupitiwa udhamini ni dola 120, na ya maombi ya viza ni dola 325 kwa kila mtu. Zikishapokelewa, nafasi ya kupandisha hati kwenye CEAC, mfumo wa viza wa mtandaoni, inafunguka. Unganisha kurasa za hati moja kuwa faili moja la PDF, kwa mpangilio, zikiwa zimesimama wima na zinasomeka. Mfumo una kikomo cha ukubwa wa faili, kwa hiyo skani kwa kiwango cha kawaida. Picha za simu zenye kivuli cha kidole zinarudishwa.

Ripoti yako ya faida na hasara ikipandishwa Februari na usaili ukaja Oktoba, imeshakuwa ya zamani. Tengeneza mpya, pamoja na ritani mpya kama umeshawasilisha, mwenzi wako aende nazo mkononi.

Hatua ya 10: Mwandae mwenzi wako

Anayekaa dirishani ni yeye, wewe haupo. Akiulizwa mumeo anafanya kazi gani akajibu "biashara", usaili unakuwa mrefu. Ajue: unaendesha gari la abiria, tangu mwaka gani, mji gani, na kwamba una mdhamini mwenza ambaye ni nani kwenu. Sisemi mkariri majibu. Zungumzeni tu, jioni moja, juu ya kazi yako kama watu waliooana.

Yakikwama

*NVC wameniandikia kwamba kipato changu kinaonekana hakitoshi.* NVC hukagua makaratasi. Uamuzi ni wa konsula. Lakini ujumbe huo usiupuuze. Rudi hatua ya 8 na uongeze mdhamini mwenza au mali kabla ya usaili.

*Transkripti yangu haipo.* Kama umewasilisha kwa mtandao, subiri wiki 2 hadi 3. Uliyewasilisha kwa karatasi, subiri zaidi. Kama uliomba kuongezewa muda kwa fomu 4868, ambayo inakupeleka hadi Oktoba 15, weka nakala yake pamoja na ritani ya mwaka uliotangulia.

*Sikuwahi kuwasilisha.* Aliyejiajiri akipata faida ya dola 400 au zaidi anatakiwa kuwasilisha. Wasilisha sasa, hata kama umechelewa, na ulipe au uingie mpango wa kulipa kidogo kidogo. Kudaiwa na kutowasilisha ni mambo mawili tofauti, na la pili ndilo linalofunga njia.

*Wateja wangu hulipa taslimu na sikuandika zote.* Kama kipato kilikuwepo na hukukitaja, 1040-X ipo, na utalipa kodi yake. Lakini ritani iliyorekebishwa wiki tatu kabla ya usaili, yenye kipato kilichopanda ghafla hadi juu kidogo ya mstari, itaulizwa. Nenda na daftari, ankara na benki. Kufuta gharama za kweli ili faida ionekane kubwa nako si njia. IRS inataka gharama zote halali zihesabiwe katika faida ya aliyejiajiri.

*Nilinunua lori, mwaka mzima ukaonekana hasara.* Hii ni ya madereva wa masafa, na inaniuma kwa sababu ingeweza kuepukwa. Kukata bei yote ya lori mwaka mmoja, iwe kwa kifungu cha 179 cha sheria ya kodi au kwa uchakavu wa haraka, ni uchaguzi. Unapowasilisha ritani unaweza kukataa na kuisambaza bei hiyo kwa miaka kadhaa. Kama unajua mwakani utamleta mwenzi wako, mwambie mhasibu kabla ya Aprili. Kama limeshapita, weka mdhamini mwenza. Usijaribu kujirudishia uchakavu kwa kalamu kwenye I-864. Fomu inataka mstari wa 9 ulivyo.

*Nina W-2 nzuri lakini biashara ya pembeni ilipata hasara.* Hasara hiyo imeshapunguza mstari wa 9. Kama biashara umeifunga, onyesha ushahidi wa kuifunga, weka barua ya mwajiri na hati za mshahara za karibuni, na andika kipato cha sasa kwa mshahara huo.

*Mwaka jana nilipita, mwaka huu kazi imelala.* Konsula anaangalia kipato cha sasa. Ritani nzuri ya jana inasaidia, lakini haitoshi peke yake. Tafuta mdhamini mwenza mapema.

*Mwenzi wangu ametoka dirishani na karatasi ya 221(g).* Viza imezuiwa hadi wapate kitu walichokiandika kwenye karatasi hiyo. Akupigie picha pande zote mbili, usitegemee anavyokumbuka. Mna mwaka mmoja wa kuleta kilichoombwa kabla kesi haijafungwa na ada kuanza upya. Wapelekeeni kile kile kilichoandikwa, kwa njia ile ile iliyoelekezwa, na namba ya kesi juu ya kila ukurasa.